Kusaka hitilafu za umeme kwenye tangi la samaki

Samaki wanaoogelea vizuri si ushahidi kwamba maji yao hayana umeme. Tangi ni kioo, linakaa juu ya meza ya mbao, na maji yaliyomo hayagusani na ardhi popote. Hita ikipasuka na waya wa moto ukagusa maji, tangi zima linaweza kubeba volti 230 bila mtu kujua, maana umeme hauna pa kutokea. Fyuzi haikatiki, taa zinawaka kama jana, samaki wanakula. Siku utakapotia mkono kutoa jani lililooza, huku umesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, njia ya kutokea itakuwa ni wewe.

Kwa hiyo kazi yoyote ya kusaka hitilafu inaanza kwa kuchomoa plagi zote za tangi. Kuchomoa, si kuzima. Swichi nyingi za soketi zinakata waya mmoja tu, ule unaodhaniwa kuwa wa moto. Zipo nyumba ambazo fundi aligeuza nyaya nyuma ya soketi, moto ukakaa upande wa nyutro, waya wa kurudishia umeme. Hapo ukizima swichi, taa ndogo ya hita inazimika, lakini waya wa moto bado umefika mpaka ndani ya maji. Plagi za miguu miwili zinazoingia kwenye adapta upande wowote zina hatari hiyohiyo.

Kabla ya kununua hita mpya au taa nzuri, nunua RCD ya miliampea 30, yaani swichi ya usalama inayokata umeme mkondo unapovuja. Breka ya kawaida na fyuzi zimewekwa kulinda nyaya zisiungue. Mkondo unaoweza kumuua mtu ni mdogo sana kuliko ule unaokata hata fyuzi ya ampea 3. RCD inalinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa kiasi hicho, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kama ubao wa umeme nyumbani hauna, zipo za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi, na kisipokata, ibadilishe siku hiyohiyo.

RCD inafanya kazi hata kwenye nyumba isiyo na ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) nzuri, ila haina cha kukata mpaka mkondo upate njia ya kuvuja. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji wanatumbukiza kijiti cha titani kilichounganishwa na ethi: hita ikivuja saa nane usiku, RCD inakata saa nane usiku, si asubuhi mtu anapoosha kioo. Kijiti hicho kina maana pale tu RCD ipo na ethi ya nyumba imepimwa. Bila RCD, kinachofanya ni kupitisha mkondo ndani ya maji saa zote na kuwaacha samaki katikati yake. Usikiweke. Wala usitumie waya wa shaba badala ya titani, kwa kuwa shaba inayeyuka kidogokidogo, na ni sumu kwa kamba na konokono.

Sasa tuseme RCD imekata na inakataa kurudi. Chomoa kila kitu cha tangi, irudishe. Ikikataa ilhali hakuna kilichochomekwa kwenye laini hiyo, tatizo liko kwenye nyaya za nyumba au RCD yenyewe, na tangi halihusiki. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Ikikubali, chomeka kifaa kimojakimoja, na baada ya kila kimoja subiri kama dakika tano. Hita isubiri zaidi, na uigeuze joto juu hadi taa yake iwake, kwa sababu uvujaji wa kwenye koili mara nyingi haujitokezi mpaka kidhibiti joto kifunge mzunguko. Watu wengi wanaisafisha hita jina kwa haraka: wameichomeka, RCD haikukata, wakahamia kwenye pampu, kumbe maji yalikuwa na joto la kutosha na hita ilikuwa imelala.

Kuna hali nyingine inayochosha zaidi: kila kifaa kikiwa peke yake RCD inashika, vikiwa pamoja inakata. Adapta za taa na vifaa vingi vya kielektroniki huvujisha mkondo mdogo kwenda ethi kwa jinsi vilivyoundwa. Kiasi hicho ni halali kwa kila kimoja, lakini kinajumlishwa. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia 15, kwa hiyo ikiwa friji, jiko na birika vyote viko chini ya RCD moja na tangi, nafasi iliyobaki ni ndogo. Dawa ni kulipatia tangi RCD yake. Angalia pia eksitensheni yenyewe, kwani mvuke wa maji unaoingia kwenye matundu yake unatosha kuleta kero hii, hasa kwenye matangi ya maji ya bahari ambako chumvi nyeupe hutambaa juu ya kebo na kukauka ndani ya soketi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa usiku na kupitisha umeme.

Kupima volti kwenye maji kwa mita kunaeleweka vibaya mno. Mtu anatumbukiza ncha moja kwenye tangi, nyingine anaigusisha ethi, anaona volti 40 na kutaharuki. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa kama megaomu 10, hivyo inasoma hata volti inayorukia kwenye maji kutoka koili ya pampu bila waya wowote kugusa maji. Volti ya namna hiyo haina nguvu nyuma yake. Kama mita yako ina kipimo cha ukinzani mdogo, kile kilichoandikwa LoZ, kitumie: volti ya kurukia itaporomoka karibu na sifuri, ya kuvuja kweli itabaki pale pale. Kama haina, chomoa kifaa kimojakimoja huku ncha ziko mahali pake na uangalie ni kipi kinachoishusha namba ghafla. Ukisoma namba inayokaribia volti za ukutani, acha kupima, chomoa vyote, na usirudishe kitu mpaka umempata mhusika. Testa ya bisibisi yenye kitaa haifai kwa kazi hii kabisa, inawaka kwa volti ya kweli na ya kurukia bila kutofautisha.

Hita ndiyo mshukiwa wa kwanza karibu kila mara. Kama unaishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa na unafuga samaki wa maji ya joto, jiulize kwanza kama unaihitaji. Maji ya tangi pwani hukaa nyuzi 26 hadi 30 yenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hita iliyotolewa haiwezi kuvuja. Arusha, Iringa, Njombe, Nairobi au Limuru ni habari nyingine.

Kupima hita kwa mita, ichomoe, iache ndani ya maji dakika 15 hadi 20 ipoe, kisha itoe. Ukiitoa ikiwa moto kioo kinaweza kupasuka, na hii ndiyo njia ambayo hita nyingi hufa siku ya kubadilisha maji: kiwango kinashuka, hita inabaki nje imewaka, maji mapya ya baridi yanaigonga. Geuza joto hadi mwisho, weka mita kwenye omu, pima kati ya miguu ya moto na nyutro ya plagi. Jibu unalotarajia unaweza kulipiga hesabu: volti mara volti, gawa kwa wati. Kwa volti 230, hita ya wati 50 isome kama omu 1,058. Ya wati 100 omu 529. Ya 200 omu 265. Ya 300 omu 176. Tofauti ya asilimia kumi si ya kukutia wasiwasi.

Mita isiposoma chochote, usiitupe hita bado. Kidhibiti joto cha kawaida ni kipande cha metali mbili kinachojipinda kwa joto na kuachanisha vituo, yaani ncha mbili zinazopitisha umeme zinapogusana. Ukipimia chumbani kwenye nyuzi 29 huku kitasa kiko 25, vituo viko wazi na hita nzima kabisa itaonekana imekufa. Iweke kwenye ndoo ya maji yenye barafu dakika kumi, usikilize ule mlio mdogo wa "tik", upime tena. Fungua pia plagi uangalie fyuzi. Hita za kielektroniki zenye kioo cha namba haziwezi kupimwa hivi, kwa sababu swichi yake haifungi mpaka ipate umeme.

Omu sahihi hazikuambii kama hita inavuja. Mita ya kawaida inapima kwa betri ndogo, na uvujaji mwingi hujificha mpaka volti iwe kubwa. Kifaa cha kazi hii ni mega ya volti 500, mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa, ambayo fundi umeme yeyote makini anayo. Hita ikiwa imechomolewa, unganisha mguu wa moto na wa nyutro pamoja kwenye ncha moja, zamisha hita kwenye ndoo ya maji hadi alama yake, ncha ya pili iguse kijiko cha chuma kilicho ndani ya maji hayohayo, na usiguse chochote wakati inapima. Chini ya megaomu 1 haifai. Iliyo salama husoma juu ya hapo kwa mbali. Na kama unaona ukungu au matone ndani ya kioo, huna haja ya mega: imekwisha. Usiianike juani ukairudisha. Maji yaliingia kwa kupitia mpira wa kifuniko uliochoka na yataingia tena.

Hitilafu inayoua samaki wengi zaidi haihusu kuvuja. Kila mara vituo vinapoachana hutoa cheche ndogo, na baada ya miaka vinaungana na kuganda. Hita haizimi tena. Hesabu yake inatisha: wati 300 kwenye lita 100 hupandisha nyuzi moja kila dakika 23 hivi, ukiacha joto linalopotea. Usiku mmoja unatosha kupika tangi. Wati 100 kwenye lita hizohizo huchukua dakika 70 kwa nyuzi moja, na sehemu kubwa ya joto hilo hupotea hewani kabla halijadhuru. Ndiyo sababu hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, na kipimajoto kisichotegemea hita ni lazima kiwepo. Kujaribu hita unayoitilia shaka, itumbukize kwenye ndoo ya lita 10, weka kitasa chini ya joto la maji, uichomeke uone. Isiwake. Ikiwaka na maji yakapanda nyuzi moja kwa kama dakika saba, kwa hita ya wati 100, vituo vimeganda.

Pampu ya maji ina jambo moja zuri: nyingi ya zinazosemwa zimekufa zinahitaji kusafishwa tu. Koili imezikwa ndani ya gundi ngumu, haigusani na maji, na kinachozunguka ni rota yenye sumaku kwenye kijiti cha kauri au chuma. Pampu ikinguruma bila kusukuma maji, umeme unafika na koili ni nzima. Ichomoe, fungua mdomo, vuta rota nje. Mara nyingi utakuta konokono mdogo, nywele za mwani zilizojisokota kwenye kijiti, au mchanga. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanalijua hili vizuri: samaki wao wanachimba kutwa nzima, na maji magumu wanayoyapenda yanaacha ukoko wa chokaa kwenye kuta za tundu la rota. Loweka rota na kichwa cha pampu kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, saa moja au mbili, kisha sugua kwa mswaki na suuza sana.

Angalia rota kwa karibu. Kijiti kiwe kimenyooka na hakina ufa, vile vipira viwili vya mwisho viwepo, na sumaku isiwe imevimba. Sumaku iliyovimba au kumenyeka imeingiwa na kutu ndani, itakwaruza tundu na kuchafua maji. Mapanga ya rota yakicheza huru karibu nusu mzunguko kabla ya kushika sumaku, yaache hivyohivyo. Watu wanayagundisha kwa gundi wakidhani yamelegea, na pampu haiwaki tena, kwa sababu uhuru huo ndio unaoipa rota nafasi ya kuanza kuzunguka kabla ya kubeba uzito wa maji.

Pampu isiponguruma kabisa, pima omu kwenye plagi. Namba yoyote ya mamia au maelfu inaonyesha koili haijakatika. Kimya kabisa, pamoja na fyuzi nzima, ni koili iliyokatika au kebo iliyovunjika ndani karibu na pale inapoingia kwenye pampu. Zote mbili hazitengenezeki. Kebo ya pampu iliyochubuka chini ya maji haifungwi kwa tepu, wala kwa gundi, wala kwa mpira wa kusinyaa. Pampu hiyo inatupwa.

Pampu ya hewa ni rahisi zaidi. Inanguruma lakini mapovu hayatoki: chomoa bomba kwenye pampu uweke kidole. Hewa ikiwa na nguvu, jiwe la hewa limeziba. Ikiwa dhaifu, mpira wa diaframu umechanika, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Pampu zilizoletwa kutoka Marekani ni za volti 120 na masafa ya hezi 60, na ukizichomeka kwenye umeme wetu koili inaungua haraka. Soma kibandiko kwanza.

Kwenye taa za LED anza na adapta. Pima volti zake zikiwa hazijabeba taa, kisha zikiwa zimebeba. Inayosoma 12 ikiwa peke yake na kuporomoka hadi 7 taa inapounganishwa, imechoka, kwa kawaida kwa sababu kapasita zimekauka. Badili kwa yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, na uhakikishe chanya na hasi ziko sawa. Taa inayowaka na kuzima kila sekunde kama inapepesa ina maana nyingine: adapta inajikinga na shoti iliyoko mbele yake, aghalabu maji yaliyoingia kwenye taa. Kwenye utepe wa volti 12, taa tatu zinazofuatana zikizima pamoja ni kundi moja lenye kipande kibovu, mengine yataendelea.

Plagi inastahili muda wako kuliko watu wengi wanavyodhani. Plagi yetu ya miguu mitatu mara nyingi huuzwa ikiwa na fyuzi ya ampea 13, wakati hita ya wati 300 inavuta ampea 1.3 na kebo yake nyembamba ya milimita za mraba 0.75 imekadiriwa ampea 6. Weka fyuzi ya ampea 3. Kaza skrubu za ndani, kwa kuwa skrubu iliyolegea hupata joto, na joto huilegeza zaidi. Plastiki ya plagi au soketi inapoungua polepole hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Kwenye chumba chenye tangi, mtu anainama kutafuta samaki aliyekufa nyuma ya mawe. Ukisikia harufu hiyo na samaki wote wapo, gusa plagi kwa mgongo wa kidole, halafu uangalie alama ya kahawia kuzunguka matundu ya soketi. Ikiwepo, badili plagi na soketi vyote viwili. Kebo zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotelemka lidondokee sakafuni, na eksitensheni ikae ubavuni mwa meza, si chini ya tangi.

Mengi ya haya hujitokeza umeme unaporudi baada ya kukatika. Kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache na kukata volti ikizidi au kupungua kinafaa tangi vilevile. Pampu yenye ukoko iliyokuwa ikizunguka kwa mazoea inaweza kushindwa kuanza upya, kwa hiyo pita ukague mkondo wa maji kila umeme unaporudi. Saa ya taa ya kuzungusha kwa mkono huchelewa kwa muda uleule umeme ulipokosekana. Ukitumia inverta, iwe ya mawimbi safi. Zile za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya ngazi hufanya pampu za sumaku zipige kelele, zipate moto, na hatimaye koili iungue. Pampu ya hewa nayo ikikaa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hurudi kwa bomba mpaka kwenye koili na kisha sakafuni. Iweke juu ya tangi, au weka vali ya kuzuia maji kurudi, na kabla ya kuifunga ipulize kwa mdomo pande zote mbili: upande unaopitisha hewa ndio unaotazama pampu.